Samadi Haikuandikwa

Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 lilinikuta Mwanza, kwa kinyozi. Kioo kilicheza ukutani, kinyozi akazima mashine, sote tukatoka mbio barabarani, mimi nimenyolewa upande mmoja. Jioni simu zikaanza kuingia: kitovu chake ni kwetu, upande wa Missenyi, mkoani Kagera, nyumba zimelala. Jumanne nikawa nimefika kijijini, ng'ambo ya Mto Kagera, katikati ya Kyaka na Mutukula iliyo mpakani na Uganda.

Nyumba ya Bibi ilikuwa imesimama, ila ukuta wa chumbani kwake ulikuwa umelalia kitanda. Bibi mwenyewe alishatangulia mwaka 2013, kwa hiyo kitanda kilikuwa kitupu. Baba Mdogo, ambaye ndiye anaikalia nyumba sasa, alikuwa anachambua matofali moja moja, mazima huku, vipande kule. "Kasinge waitu," nikamsalimu. Akaitika, akanipa koleo.

Chini ya kitanda tulikuta sanduku la bati. Ndani mlikuwa na kanga mbili, kadi ya chama, rozari iliyokatika, na karatasi mbili za daftari zilizokunjwa mara nne mpaka zimeanza kutoboka kwenye mikunjo. Mwandiko haukuwa wa Bibi, kwa sababu Bibi hakujua kuandika zaidi ya jina lake. Ulikuwa wa balozi wa nyumba kumi, wa mwaka 1979, aliyepita kila nyumba akiandika mali iliyopotea. Nanukuu kama ilivyo:

Ng'ombe 4. Mbuzi 7. Mabati 22. Milango 3 na fremu zake. Baiskeli Raleigh 1. Cherehani 1. Kahawa ya maganda, magunia 3. Sufuria 6. Magodoro 2. Majembe 5. Waliouawa: hakuna.

Nilikaa juu ya rundo la matofali nikaisoma mara mbili. Halafu nikamsomea Baba Mdogo, naye akasema, "Hiyo ndiyo orodha yenyewe? Nilidhani ililiwa na mchwa."

Kwa aliyezaliwa juzi, kisa kwa ufupi. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, yakaikalia ardhi yote iliyo kati ya mpaka wa Uganda na Mto Kagera, kama kilomita za mraba 1,800. Tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kuwa sehemu hiyo sasa ni ya Uganda. Siku iliyofuata Mwalimu Nyerere akazungumza na wazee wa Dar es Salaam, akasema yale maneno ambayo mpaka leo watoto wanayakariri: uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Tarehe 3 daraja la Kyaka likalipuliwa. Inakadiriwa raia 1,500 waliuawa katika eneo lile, na watu kama 40,000 walikimbilia kusini. Vita yenyewe mnaijua ilivyokwenda: Kampala ikaanguka Aprili 1979, magazeti yakajaa picha za vifaru. Mimi sitaki kuandika habari za vifaru. Nataka kuandika habari za ile orodha, hasa yale ambayo haikuyataja.

Bibi alivuka daraja la Kyaka kwa miguu siku chache kabla halijalipuliwa. Alikuwa mjane wa mwaka mmoja. Mgongoni alikuwa na kitindamimba wake wa miezi 14, mkononi amemshika Baba Mdogo, wakati ule yuko darasa la sita. Baba yangu, kifungua mimba, alikuwa amechukuliwa mgambo, na hawakumwona tena mpaka vita ilipokwisha. Walilala sakafuni kwenye darasa la shule moja huko Kiziba, familia nane chumba kimoja, kisha wakahamia kwa dada yake Bibi. Ulikuwa msimu wa senene. Kila Novemba watu wa kwetu hawalali, wanawafukuzia senene kwenye rweya, zile nyika za nyasi, alfajiri umande ungali unawalemaza. Mwaka ule upande wa kaskazini wa mto senene walitua, wakanenepa, wakaondoka, hakuna aliyewachuma. Bibi alikuwa akilisema hilo kwa uchungu wa namna yake, kama mtu anayesimulia harusi aliyoikosa.

Surua iliingia kwenye lile darasa wiki ya tatu. Chanjo ilikuwepo nchini, lakini watu waliotawanyika wangechanjwa na nani, na kadi ziko kwenye nyumba zilizokaliwa na askari? Shangazi yangu, yule kitindamimba wa mgongoni, alikufa siku ya sita, akazikwa kwenye kibanja cha watu. Balozi alipokuja na daftari lake akauliza, nani aliuawa hapa? Bibi akajibu kweli: hakuna. Mtoto hakupigwa risasi. Kwa hiyo ikaandikwa hivyo.

Mutukula ilipotwaliwa na jeshi letu Januari 1979, makombora yakaacha kudondoka upande huu, watu wakaanza kurudi. Bibi alirudi mwishoni mwa Februari. Nyumba ilikuwa kuta tu, haina bati wala mlango. Askari wale walibeba hata fremu, wakizing'oa kwa mitaimbo. Lakini kilichomshtua Bibi zaidi, alivyokuwa akisimulia, ni ukimya. Hakuna jogoo, hakuna mbwa, hakuna mchi unaotwanga.

Hapa lazima nieleze kibanja ni nini, maana wasomaji wangu wa Pwani wakisikia neno hilo hufikiri kiwanja kidogo. Kwa Wahaya kibanja ni shamba la migomba linaloizunguka nyumba, na nyumba imekaa katikati yake kama kiini cha yai. Ndani yake mna migomba ya kupika na ya pombe, mibuni chini yake, maharage chini ya mibuni. Babu wa babu yako alilima hapo, naye amezikwa hapo. Mtu wa kwetu akila ugali asubuhi, mchana na jioni bila ndizi atakwambia bado hajala.

Sasa, mgomba haumngoji mwenyewe. Miezi minne bila mtu, migomba iliendelea kuzaa. Mikungu mingine ililiwa na askari, mingine na nyani, mingine ikaoza imesimama. Chipukizi zilikuwa zimeota ovyo kila shina, kumi, kumi na tano, zinasongana. Palikuwa kichaka, lakini kichaka chenye chakula. Wiki ile ile ya kurudi Bibi alipata mkungu wa nshakara uliokomaa, akaupika kwa maji na chumvi kwenye debe, kwa kuwa sufuria zote sita zilikuwa zimekwenda Uganda. Kwa hiyo ukiniambia watu walikufa njaa mwaka ule nitakukatalia, angalau kwa kijiji chetu. Kilichokosekana kwanza kilikuwa maharage.

Maharage hupandwa Septemba na Oktoba, mvua za vuli zinapoanza, na huvunwa Desemba kuelekea Januari. Uvamizi uliyakuta shambani, yanaota. Mavuno yakapotea, na mbegu nayo ikapotea, maana mbegu ya msimu ujao ni ile uliyoibakiza kwenye mavuno ya sasa. Mvua za toigo, yaani za masika, zilikaribia na hakuna aliyekuwa na punje. Bibi akavuka mto tena, kwa mtumbwi, akaenda kwa dada yake Kiziba, akarudi na kikombe kimoja cha maharage mchanganyiko, mekundu, ya madoa, meupe, yamefungwa kwenye pindo la kanga. Hayakuliwa hata moja. Alipanda kikombe, akavuna vibaba, akapanda vibaba. Msimu wa tatu ndipo watoto walipokula maharage wakashiba. Katika miaka yote aliyonilea sikumwona akiacha punje ya haragwe sakafuni. Aliinama na kuiokota hata goti lilipokuwa limeshamshinda.

Msaada ulikuja, nisiwanyime watu haki yao. Lilikuja lori la unga wa njano, ule ambao nchi nzima iliuita Yanga kwa sababu ya rangi. Lori lilipounguruma mara ya kwanza kupanda kilima, Baba Mdogo alikimbilia kibanjani akalala kifudifudi, na watoto wenzake vivyo hivyo. Wanawake waliita, hakuna aliyetoka. Mgao ukagawanywa watoto wakiwa bado wamelala kwenye majani makavu ya migomba. Ananisimulia akicheka, lakini mpaka leo lori la miwa likipita usiku nakuona, baba, unaacha kutafuna.

Unga ule wengine waliwapa kuku, wengine waliutengenezea pombe. Walioutuma hawakukosea, mwenye njaa hupewa kilichopo. Lakini lori lile lile lingeweza kubeba gunia moja la mbegu.

Nirudi kwenye orodha, mstari wa kwanza. Ng'ombe 4. Majeshi ya Amin yaliswaga maelfu ya ng'ombe kutoka kwetu na kutoka ranchi za serikali. Ng'ombe wa Bibi walikuwa wa kienyeji, wa pembe ndefu, maziwa yao hayajazi hata kibuyu. Mtu wa hesabu ataandika bei ya ng'ombe wanne na kufunga daftari. Lakini kwetu ng'ombe anafugwa kwa ajili ya mavi kwanza, maziwa baadaye. Udongo wa kwetu, ukiutoa nje ya kibanja, ni wa rweya, nyasi tupu, haustawishi mgomba. Kibanja kimetengenezwa na watu, kizazi baada ya kizazi, kwa samadi na nyasi za kutandaza. Ng'ombe anakula rweya mchana, usiku anakuja kuimwaga kibanjani. Akiondoka, mlango huo umefungwa.

Na haionekani mara moja, ndiyo maana hakuna aliyeiandika. Mwaka wa kwanza mkungu unatoka kama kawaida, udongo unakula akiba. Mwaka wa tatu mkungu umekuwa mwepesi, mwanamke mmoja anaubeba bila kata. Mwaka wa tano fukusi wameingia kwenye mashina yaliyodhoofika, upepo kidogo tu wa Agosti na mgomba uko chini na mkungu wake mchanga. Nilipopata akili, mwishoni mwa miaka ya themanini, kibanja chetu kilikuwa na mapengo makubwa ya jua, na kwenye mapengo Bibi alikuwa amepanda muhogo. Wageni waliokuja kusali msibani walidhani ni bustani mpya. Bibi aliona haya.

Ukweli mmoja hausemwi sana kwetu, nao ni huu: upande wa pili ulipigwa pia. Wifi yake Bibi alikuwa ameolewa karibu na Masaka. Februari 1979 jeshi letu lilipoingia Masaka mji ulisawazishwa, kwa hasira ya yaliyokutwa huku. Wifi naye alikimbia na watoto, naye akarudi kwenye kuta. Walipokutana miaka baadaye, kwenye msiba, walilinganisha mabati.

Shule ilifufuka kabla ya kila kitu, na hilo bado linanishangaza. Madawati yalikuwa yamepikiwa, vitabu vimesokotewa sigara, ubao umebaki lakini umechorwa mambo ambayo mwalimu aliyafuta kabla watoto hawajaingia. Mwalimu mwenyewe alikuwa kijana wa darasa la saba aliyefundishwa ualimu kijijini ule mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote ulipotaka walimu wengi kwa mpigo. Kwa kifupi cha Kiingereza UPE, watu wakisema maana yake Ualimu Pasipo Elimu. Kijana huyo huyo alirudi wiki moja na Bibi, akafungua darasa chini ya mkuyu, chaki zilipoisha akaandika kwa muhogo mkavu. Hakuwa na daftari la mahudhurio, akaliandika upya kwa kuuliza watoto, mlikuwa mnakaa na nani? Kila mtoto akataja wa kulia na wa kushoto kwake. Waliokosekana wakajulikana hivyo, kwa nafasi zao kwenye dawati ambalo halikuwepo tena. Baba Mdogo anasema siku ile ya kutaja majirani ndiyo siku ambayo darasa zima lililia, mwalimu akawaacha mpaka walipomaliza, akaendelea na kuzidisha.

Baba Mdogo hakuchaguliwa kwenda sekondari. Alipoteza miezi mitano, na kwa wakati ule waliochaguliwa walikuwa wachache hata kwa waliosoma bila kukatizwa. Simlaumu Amin kwa kila kitu. Lakini mwaka mzima hakuwa na daftari hata moja.

Zahanati ilichukua muda mrefu zaidi. Kuna kinaya ambacho nilikijua ukubwani: Septemba 1978, wiki chache kabla ya uvamizi, mataifa yalikutana Alma-Ata, katika Umoja wa Kisovieti, yakakubaliana juu ya afya ya msingi kwa wote, na Tanzania ilikuwa tayari mbele katika kujenga zahanati vijijini. Yetu ilikuwa mojawapo. Waliporudi waliikuta haina bati, haina kitanda, jokofu la mafuta ya taa la kuhifadhia chanjo limekwenda. Mganga alihudumia watu chini ya turubai. Alichonacho kilikuwa klorokwini, pale zilipopatikana, na mkasi.

Tatizo lililowasumbua lilikuwa dogo kiasi cha kuchekesha. Funza. Nyumba ambazo hazikufagiliwa wala kupakwa samadi sakafuni kwa miezi zilijaa vumbi, na vumbi likajaa funza. Watoto walitembea kwa visigino, vidole vimevimba, wengine hawakuweza kufika mkuyuni. Jioni akina mama walikaa na pini na mwiba wa mchungwa, mtoto miguu mapajani, wakitoa funza mmoja mmoja na kifuko chake kizima, kisha mafuta ya taa kama yapo. Samadi mbichi ya kupaka sakafu ingetuliza vumbi. Mnaona tunarudi pale pale.

Mwalimu Nyerere aliiomba nchi ivumilie miezi 18 ya kufunga mkanda. Miezi ikapita, mkanda haukufunguliwa. Sabuni, sukari, vitenge, vyote vikawa vya magendo, na magendo ya kwetu njia yake ni Mutukula. Mwaka 1983 hospitali ya Ndolage, wilayani Muleba, ikapokea wagonjwa watatu ambao ndio wa kwanza nchini kutambuliwa kuwa na UKIMWI. Watu wakauita Juliana, jina la kitambaa kilichokuwa kinavushwa mpakani. Baba yangu alirudi vitani mzima, akaoa, nikazaliwa 1984. Alikufa 1991, mama 1993. Bibi, aliyekuwa ameanza kufikiri kwamba kazi ya kujenga imekwisha, akaanza tena na wajukuu watano, muhogo kwenye mapengo, na ada.

Mtamba alikuja 1994. Palikuwa na mradi wa kukopesha mitamba: unajenga banda kwanza, unapanda mabingobingo, wanakuja kukagua, ndipo unapewa mtamba mmoja wa kisasa, na ndama jike wa kwanza unampa jirani. Bibi alijenga banda kwa miezi mitatu, wakaguzi wakalikataa mara moja kwa sababu sakafu ilituamisha maji, akalijenga tena. Siku aliposhushwa kwenye pikapu, mweusi wa mabaka meupe, wajukuu tulikuwa tunamtazama kichwani. Bibi alizunguka nyuma. Alisubiri. Ng'ombe alipoinua mkia Bibi alichukua jani la mgomba, akakinga, akabeba lile furushi la moto kwa mikono miwili mpaka kwenye mgomba ulio karibu na mlango, akapiga magoti, akalifukia kwa vidole hatua moja kutoka shinani. Alifanya hivyo na la pili, na la tatu, hakutaka koleo. Tulimcheka sana. Ilikuwa miaka kumi na tano tangu kibanja kile kipate samadi ya kwake mwenyewe.

Wakati Baba Mdogo na mimi tunamaliza kuchambua matofali, giza lilikuwa linaingia. Nilimuuliza kama nikaiweke ile orodha kwenye plastiki, isitoboke zaidi. Akaitaka, akaisogeza karibu na taa ya simu, akasoma kwa kunong'ona mpaka mwisho, akarudi juu.

"Mabati si ishirini na mawili," akasema. "Ni ishirini na manne. Mawili yalikuwa jikoni, mapya, marehemu alikuwa hajayapigilia misumari."

Akaniomba kalamu.